Sindano Aliyoikubali Weldon

Huko Boito, chai ya mtu ikirefuka mpaka wachumaji washindwe kuifikia, alitafutwa Weldon Kipkemoi aje kuipogoa. Alikuwa na panga jembamba alilolinoa mwenyewe, na akishapita shambani, vichaka vilibaki vimelingana juu kama meza. Watu walisema chai iliyokatwa na Weldon huchipuka upesi. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliimba besi kanisani, na tangu baba yake afariki aliishi na mama yake, Rodah, kila mmoja na nyumba yake katika boma moja.

Ugonjwa ulianza kwa sauti. Alisikia watu wakimsengenya nyuma ya ua, lakini akitoka haoni mtu. Baadaye sauti hizo zikaanza kumtuma. Asubuhi moja ya mvua zilimwambia aende msituni, naye akaenda peku mpaka kule juu ya Kimulot, msitu wa Mau unakoanzia. Vijana wa kanisa walimpata ameketi kwenye tope akizungumza peke yake. Walikuwa rafiki zake, lakini waliogopa. Walimfunga kwa kamba ya ng'ombe wakampakia kwenye pikapu. Hospitalini alikandamizwa kitandani, mtu huku na mtu kule, suruali ikashushwa mbele ya watu aliowahi kuimba nao, na sindano ikaingia. Mengi ya siku ile aliyasahau. Hilo hakulisahau.

Alirudi nyumbani na vidonge, na vilimsaidia. Sauti zilififia. Shida ni kwamba mama yake aligeuka askari. Kila jioni, kabla hata ya kuulizana habari za kutwa, Rodah alisimama mbele yake na kikombe cha maji.

"Umemeza?"

"Nimemeza."

"Fungua mdomo nione."

Mwanaume mzima alifungua mdomo, akainua ulimi. Jirani Phyllis akiwepo, aliufungua mbele ya Phyllis. Baada ya muda alijifunza kukificha kidonge nyuma ya jino na kukitema zizini. Rodah alipoviona vidonge kwenye samadi hakugomba. Aliviponda na kuvitia kwenye mursik, maziwa ya kibuyu ambayo Weldon aliyapenda kuliko chakula chochote.

Weldon alionja mara moja, akaweka kikombe chini.

"Mama, umetia nini humu?"

Rodah alianza kulia. "Sikujua nifanye nini, mwanangu. Nilikuwa nakuona ukirudi kule msituni."

Hakumkasirikia kwa sauti. Lakini kuanzia siku hiyo alijichemshia viazi mwenyewe. Moshi ukawa unatoka kwenye majiko mawili katika boma lile, na dawa haikumezwa tena.

Sauti zilirudi wakati wa kupogoa. Alikuwa katikati ya mstari, panga mkononi, aliposikia jina lake likiitwa kutoka chini ya vichaka. Alisimama. Aliijua sauti ile. Akaliacha panga pale pale ardhini, akatembea mpaka kwa mama yake aliyekuwa akikama.

"Zimerudi," alisema. "Twende kabla hawajaleta kamba."

Katika kituo cha afya, wagonjwa wa akili walihudumiwa na muuguzi aliyeitwa Nyatichi, mama mnene mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Kisii. Aliwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, mwingine akiwa nje. Kisha akamwambia Weldon kwamba kuna dawa ya sindano inayodungwa mara moja kwa mwezi, inayokaa ndani ya msuli na kutoka polepole, bila kumeza kitu kila siku.

Weldon aliposikia neno sindano alisimama na kushika mlango.

"Weldon," Nyatichi alisema bila kuinuka kitini, "hapa hakuna mtu wa kukushika. Ukitaka vidonge nitakupa vidonge. Kaa nje kwanza upate hewa."

Nje kwenye benchi alimkuta mwanaume wa makamo amevaa gambuti na koti la kazi. Alijitambulisha: Ogari, mchumaji katika mashamba makubwa ya kampuni. Alikuwa anangoja sindano yake.

"Haiumi?" Weldon alimuuliza.

"Inauma. Nisikudanganye. Na kesho yake ukikaa vibaya unakumbuka." Ogari alicheka kidogo. "Lakini mimi naishi kwa nyumba za kampuni, chumba kimoja na watu. Hizo vidonge kila mtu alikuwa anaziona. Nikidungwa, narudi kazi, hakuna mwenye anajua. Na mimi mwenyewe nasahau kama niko mgonjwa. Vidonge vilikuwa vinanikumbusha kila siku."

"Ndugu yangu, watu wanasema ni ya vichaa wakali."

"Wanasema. Ni wao wanaishi ndani ya kichwa yako?"

Weldon alitazama mvua inavyotiririka kwenye mabati. Kisha alirudi ndani na maswali yake. Je, ikishaingia na ikamkataa, inaweza kutolewa?

"Hapana," Nyatichi alisema. "Ikiingia imeingia, mpaka iishe yenyewe. Ndiyo maana tunaanza na kidogo."

Jibu hilo lilimfanya amwamini. Akasema masharti yake: mama abaki nje, asiguswe na mtu mwingine yeyote, na sindano isiingie mpaka yeye mwenyewe aseme. Nyatichi akakubali yote. Weldon aliegemea meza, akalegeza mshipi wake kwa mkono wake, akafumba macho. Muuguzi alingoja. Lori la majani ya chai lilipanda mlima kule nje, likabadilisha gia, likapotea.

"Sasa," Weldon alisema.

Sauti hazikukimbia siku hiyo wala wiki hiyo. Zilipungua kama mvua ya Boito inavyopungua, mtu hawezi kusema ni lini hasa imekatika. Aliyeteseka zaidi mwanzoni alikuwa Rodah. Jioni ilipofika hakujua afanye nini na kikombe cha maji. "Nitajuaje kama dawa inafanya kazi, na sioni ukimeza?" aliuliza. Weldon akamwambia, "Niulize habari yangu, mama. Nitakuambia." Siku iliyofuata Weldon aliingia jikoni kwa mama yake akaketi, na alipopewa mursik akanywa, akaomba tena.

Baadaye sindano ikaleta shida nyingine. Mikono yake ilikakamaa, ikawa inatetemeka. Alipogoa shamba la Phyllis na vichaka vikatoka vimeparuliwa, hiki juu, hiki chini. Mume wa Phyllis, Nyabuto, alisimama pembeni akitazama zaidi panga kuliko chai. "Pumzika kwanza, Weldon," alimwambia kwa upole. Weldon alielewa alichoambiwa. Tarehe ya sindano ilipofika hakwenda.

Nyatichi alimpigia simu. Hakumfokea. Alimwomba tu aje amwone, hata kama hataki kudungwa. Weldon alipofika aliinyoosha mikono mbele yake, ikawa inacheza yenyewe.

"Mbona hukuniambia?" Nyatichi alimuuliza.

"Nilifikiri ni lazima. Nilifikiri ukirudishiwa akili unalipa kwa mikono."

Nyatichi akampigia daktari. Kipimo cha sindano kilipunguzwa, akapewa na vidonge vidogo vya kulegeza misuli vya kutumia kwa muda. Weldon alivimeza mwenyewe, hakuna aliyemwangalia. Mtetemeko ulipungua taratibu. Haukwisha kabisa, asubuhi za baridi bado hushikilia kikombe kwa mikono miwili. Lakini panga lilimtii tena, na Nyabuto mwenyewe ndiye aliyekuja kumwambia kwamba upande wa pili wa shamba unangoja.

Weldon hajaipenda sindano. Kuna miezi anakwenda akinung'unika, na kila mara humuuliza Nyatichi ataacha lini, naye humjibu kwamba watazungumza na daktari, wapunguze polepole wakiona inafaa. Akiulizwa kwa nini basi anakwenda, husema, "Ni mimi nilisema sasa."

Mwaka huu, baada ya mavuno ya mahindi, Rodah alifunga mzigo akaenda Fort Ternan kumtembelea dada yake. Tangu Weldon augue hakuwahi kulala nje ya boma. Aliaga kwamba anakwenda siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu.

"Huku kuna joto, na miwa ni tamu," alisema. "Nataka kukaa kidogo."

"Kaa, mama."

"Ng'ombe je?"

"Amekamwa. Maziwa nimepeleka."

"Na tarehe yako?"

"Ijumaa. Nitaenda."

"Haya," mama yake alisema, na kwa mbali Weldon akamsikia dada wa mama akimwita waende mtoni.