Vifuko vya Chenji vya Kiroba

Iko siku moja ya mvua ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Mzee Simbeye aliingia kwenye kibanda chetu cha ushonaji pale Tunduma, kofia yake kaishika mkononi kama bakuli, na ndani ya kofia kulikuwa na sarafu zenye matope. Mkono mwingine alikuwa na karatasi zilizolowa mpaka zimekuwa uji. Alitusalimia, akakaa kwenye benchi, akaanza kuzifuta sarafu moja moja kwa shati lake.

Nikwambie kwanza alikuwa nani. Alikuwa muuza chenji. Miaka ile mabasi na haisi za watu binafsi yalikuwa yameanza kuwa mengi, maduka nayo yanafunguliwa kila kukicha, na kila mtu alihitaji sarafu za kurudishia wateja. Unampa noti, anakupa sarafu, anabakiza kidogo chake. Alikuwa anazipanga ishirini ishirini, anazizungushia karatasi ya daftari la shule, halafu anainyonga huku na huku kama peremende. Kiangazi hakukuwa na shida. Masika karatasi ilikuwa inalowa, na zile sarafu zenye pembe ziliikata hata ikiwa kavu. Konda anapasukiwa mfukoni, sarafu zinamwagika chini ya viti, abiria wanamsaidia kuokota, na si kila anayeokota anarudisha. Lawama zote zinamwangukia mzee wa watu.

"Karatasi imenishinda," alimwambia Mama Atupele. "Hamwezi kunishonea kitu cha kutilia hizi?"

Mama Atupele ndiye aliyekuwa fundi wangu. Mimi nilikuwa binti niliyeteremka kutoka milima ya Ileje kuja kujifunza kazi kwake, na Kiswahili changu bado kilikuwa na Kindali kingi ndani yake kiasi cha kuchekwa sokoni. Kibandani mlikuwa na cherehani mbili. Moja alikuwa akiitumia mwenyewe. Ya pili ilikaa karibu na dirisha, nzima kabisa, haina mtu. Kazi yangu ilikuwa kupinda mapindo kwa mkono na kushona vifungo. Nilipomuuliza ni lini nitaikalia ile ya pili, alinijibu bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Siku ukipata mteja wako mwenyewe, akaenda, akarudi tena. Mteja wa mara moja hata kichaa anampata."

Niliitaka ile cherehani kuliko nilivyotaka kuolewa, na kuolewa nilikuwa nataka. Basi siku ile Mama aliponielekezea Mzee Simbeye kwa kidevu na kusema, "Ongea na Sekela," kwa kuwa yeye alikuwa na gauni la bibi harusi mkononi, niliviacha vifungo nikaenda kukaa naye benchini.

Nilifanya nini? Nilifanya anachofanya kila kijana mwenye kitu cha kuonyesha. Kulikuwa na mabaki ya vitenge kutoka Zambia, mekundu, ya njano, mengine yana ndege. Nikakata vipande, nikashona vifuko virefu vyembamba vya kukaa sarafu ishirini, chini vimefungwa, juu vina kamba ya kuvuta, na kwenye kila ncha ya kamba nikatia ushanga. Nilishonea cherehani ya Mama alipokuwa anakwenda kula. Kila kifuko nilikiangalia mara mbili kabla ya kukiweka chini. Vilipendeza, sisemi uongo. Mzee Simbeye alivichukua, akalipa, akanishukuru sana.

Haikupita wiki, akarudi. Anataka vingine, tena vingi kuliko vya kwanza.

Alipoondoka nilimgeukia Mama Atupele nikiwa nimevimba kichwa. "Mama, amerudi."

"Nimemwona."

"Si ulisema mteja akirudi?"

Alikata uzi kwa meno. "Wateja wake wameongezeka?"

Nikasema sijui. Akaniambia kesho yake asubuhi twende stendi tukajue.

Tulikwenda. Wateja wa Mzee Simbeye walikuwa walewale, wala hakukuwa na msongamano kwenye meza yake. Lakini vifuko vyangu niliviona kila mahali. Konda mmoja alikuwa amechomekea chanuo chake ndani ya kifuko changu. Muuza mandazi alitilia ugoro. Kimoja kilining'inia shingoni mwa mtoto mgongoni kwa mama yake, na mtoto anatafuna ushanga. Mama mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa amevuka mpaka asubuhi kutoka Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa ametilia miwani yake. Mama Atupele alimwambia kifuko hicho ni cha chenji, angemrudishia mzee wa watu. Yule mama akacheka, akakisukumia kifuani.

"Ba mayo, mama yangu, hiki sirudishi. Angalia kilivyo kizuri."

Nilifurahi, mwanangu. Nikwambie ukweli, nilitembea stendi ile kama bibi harusi. Tunduma nzima inapenda kazi ya mikono yangu, nikajisemea, na nikashangaa kwa nini Mama Atupele hacheki.

Tulipomfikia Mzee Simbeye, Mama alimsalimia, akamuuliza taratibu, "Mzee, hivi vifuko vinakuachia kitu?"

Mzee aliniangalia mimi kwanza, akaangalia chini. Alikuwa mtu wa heshima, na nadhani laiti nisingekuwepo angejibu mapema zaidi.

"Vinapendwa," akasema. "Mtu akija kununua chenji anaondoka nacho. Nikimwambia mwaga sarafu unirudishie kifuko, ataniona bahili. Sasa kifuko kimoja kinakula faida yangu ya siku mbili." Akasogeza sarafu zake mezani. "Binti kashona vizuri sana. Mimi nikimaliza masika haya naacha tu. Kwa mdogo wangu Mbangala kuna shamba."

Hakuna aliyenigombeza. Mama Atupele alinunua mandazi tukarudi tukila njiani. Lakini niliumia, na niliumia vibaya, kwa sababu kila aliyekuwa anakisifu kifuko changu alikuwa anamvuta mzee yule kutoka kwenye meza yake, na mimi ndiye niliyempa cha kumvutia. Alirudi kwangu jinsi mtu anavyorudi dukani kununua ndoo nyingine kwa sababu ya kwanza inavuja. Mama hakuwa na haja ya kunieleza kwamba kurudi kule hakuhesabiki.

Asubuhi iliyofuata nilirudi stendi peke yangu, nikasimama kando ya malori yanayosubiri kuvuka, nikaangalia makonda. Kitu hicho nilipaswa kukifanya kabla hata sijashika mkasi. Konda ana mkono mmoja tu wa kazi. Mwingine umeshika mlango. Kile kifuko changu cha kamba na shanga alikuwa anakifungua kwa meno, na akikosa subira anaikata kamba. Mwenye duka naye, kabla ya kupokea, anataka kuona sarafu kama zimetimia. Kitenge kilikuwa kinamfichia zote, basi anazimwaga mezani anahesabu upya, huku foleni inamsubiri. Uzuri wote ule haukumsaidia hata mmoja wao.

Nilikwenda kwa mwenye duka la pembejeo nikaomba viroba vya mbolea vilivyochanika. Alinipa bure, akaniuliza kama nakwenda kuvilalia. Nikavifua kwa sabuni. Nikavifua tena. Harufu ikapungua lakini haikuisha, na maandishi ya kampuni ya mbolea yalibaki palepale, nusu herufi hapa, nusu kule. Nilishona bomba fupi la kiroba, mshono mmoja wa kurudia, limeachwa wazi ncha zote mbili. Ubavuni niliacha upenyo mwembamba kuliko sarafu yenyewe, ili mtu azione kingo za sarafu zilivyopangana bila kufungua, na konda aweze kuzisukuma kwa dole gumba zitoke mdomoni moja moja. Ncha unazikunja, unabana kwa pete iliyokatwa kwenye tyubu la baiskeli. Unafungua kwa mkono mmoja.

Mara ya kwanza nilikosea. Nilikata vyote upana mmoja, na sarafu ndogo zikawa zinalala mshazari, ukiona kingo unadhani zimetimia kumbe hazijatimia. Ikabidi kila aina ya sarafu iwe na kifuko cha upana wake na urefu wake, na zikijaa zifike kwenye mkunjo wa juu. Zikipungua unaona. Hapo hata asiyejua kuhesabu hadanganyiki, wala mzee hashukiwi.

Nilipomaliza, nilivipanga mezani nikaona aibu. Vilikuwa vibaya, mwanangu. Sijawahi kushona kitu kibaya kama kile tangu hapo. Mama Atupele alikichukua kimoja, akakinusa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kitenge chake.

"Hiki," alisema, "nani atatilia ugoro?"

Nilimpelekea Mzee Simbeye mwenyewe, nikamwambia kuanzia sasa afanye kama soda. Zamani zile hukuweza kupewa soda uondoke nayo kama huna chupa tupu ya kuacha, na hakuna aliyeona dukani kuna bahili. "Wateja wako wa kila siku waanzishie kimoja kimoja. Mtu akija na kitupu, mpe kilichojaa. Akija bila kitupu, mpe kwenye karatasi." Mzee aligeuza kifuko mkononi, akasukuma sarafu moja kwa dole gumba, ikatoka. Akasukuma nyingine. Akatabasamu.

Na vifuko vikarudi. Hakuna aliyekuwa na kazi nyingine navyo. Vilirudi na vumbi, vilirudi na mafuta ya gari, vilirudi vimekanyagwa, unavifuta unavitumia. Masika yakaisha na Mzee Simbeye akabaki kwenye meza yake.

Sasa hapa ndipo penye utamu wake, au uchungu, chagua mwenyewe. Kwa kuwa vifuko vilirudi na havikuchanika, Mzee Simbeye hakuwa na sababu ya kurudi kwangu. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, hajaja. Baridi ya Juni ikaingia, ile ya kutufanya tushone huku tumejifunika mashuka, hajaja. Nilimkumbusha Mama Atupele kwamba mzee anatumia kazi yangu kila siku, stendi nzima inashuhudia.

"Nilisema atakayerudi," akanijibu. "Bado hajarudi."

Nikaendelea kupinda mapindo. Usiku mmoja wa baridi ile nilijikuta natamani ningelitumia uzi mwembamba. Vingefumuka baada ya mwezi, mzee angekuja, mimi ningekaa kwenye cherehani. Wazo hilo lilinijia likiwa limevaa nguo nzuri, linaonekana la akili kabisa. Nakwambia ili ujue litakuja na kwako, maana humjia kila anayeishi kwa kazi ya mikono yake. Siku likija, jua si wewe wa kwanza.

Alikuja wakati wa kuchoma mashamba, anga zima lina moshi. Alisimama mlangoni na koti lake la zamani limekunjwa chini ya kwapa. Mama Atupele alimkaribisha, akanyoosha mkono kulipokea. Mzee hakumpa.

"Samahani, mama," alisema. "Namtafuta Sekela."

Alitaka nimtengenezee mifuko ya ndani, ya kubebea vifuko vitupu, kwa sababu vilikuwa vinarudi vingi kuliko mikono yake. Koti lile lilikuwa la siku za kanisani, alilovaa siku ya kumwoa mkewe, na mtu hampi koti kama hilo mwanafunzi wa vifungo. Mama Atupele alisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akavuta kiti kutoka kwake, akakiweka mbele ya cherehani ya dirishani, akarudi kwenye kazi yake akiwa amesimama, kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

Basi nikushauri, mwanangu, kama mtu aliyekwisha kukosea kwa niaba yako. Ukiambiwa utengeneze kitu cha kubebea kitu kingine, iwe boksi, iwe mfuko, iwe neno, kaangalie kwanza mikono ya atakayekifungua, na uone mkono wake wa pili una kazi gani. Usikifanye kiwe kitamu kuliko kilicho ndani. Watu watakusifu, utavimba kichwa, na kumbe yuko mmoja mwenye adabu anakula hasara na anaona haya kukwambia. Mtafute huyo umuulize, tena muulize taratibu. Usiogope kazi yako ikiwa mbaya machoni pako endapo inamfaa mwenye shida. Na uzi shona mnene. Ukikawia kusifiwa, kawia.

Mungu akujalie macho ya kuona shida ya mtu kabla ya kuona uzuri wa kazi yako. Akupe riziki isiyotokana na kufumuka kwa ulichoshona. Na siku mtu atakaposimama mlangoni pako akiwapita wakubwa wako wote kwa heshima, akaulizia jina lako, akukute upo.