Makoti ya Bega Moja Chini

Katika mitaa ya Kenya, kitongoji cha mji wa Élisabethville kule Kongo, watu hawakungoja mtu akomae ndipo wampe jina la utani. Walimpa lililokuwa karibu, akakua nalo. Abibu mwana wa Alimasi alipewa Viraka, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kushona viatu vilivyochoka, mikoba iliyochanika na viti vya baiskeli vilivyopasuka. Kila kilichomfikia kilikuwa kimeanza kufa kabla hajakiona. Baba yake alikuja kutoka Maniema na msharasi mmoja mfukoni, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akafa watu wakimwita fundi. Mwana alirithi msharasi uleule na mikono mizuri kuliko ya baba, lakini jina alilobaki nalo ni Viraka.

Lilimwuma. Ukimwona anavuta uzi wa nta, kimya, midomo ameibana, usingedhani, lakini lilimwuma sana. Alitaka siku moja, kabla meno hayajamtoka, mtu apite barabarani amevaa kitu ambacho yeye alikikata tangu ngozi ikiwa nzima. Mkewe Sofia, mama wa mtoto wao Bahati, alilijua hilo kwa sababu alilisikia kila jioni pamoja na ugali.

Mwaka wa 1953 bahati ilianza kupiga honi. Makarani na mafundi mitambo wa Kenya, watu waliojinyima bia miaka na miaka, walianza kununua pikipiki za mkono wa pili, Saroléa na FN, kutoka kwa Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Ikaingia Juni na baridi yake, ile ya asubuhi inayokaza vidole mpaka mtu hawezi kufunga vifungo. Abibu akiwa mlangoni mwa karakana yake aliwaona wakipita na mashati yamejaa upepo na machozi yanawatiririka. Akajisemea: hawa wanahitaji makoti ya ngozi, na mwenye ngozi ni mimi.

Alinunua ngozi nzima iliyoletwa kwa treni kupitia Sakania, mpakani, akashona koti kutoka kichwani mwake. Siku ya kumaliza akaliweka chini ili alitazame vizuri. Koti likasimama lenyewe.

Aliyelijaribu kwanza alikuwa Floribert, karani wa ofisi ya reli, kiongozi wa kundi la waendesha pikipiki sita waliopenda kupita mitaani kwa mstari siku za Jumapili. Floribert aliingiza mikono, akafunga vifungo, kisha akabaki pale amenyoosha mikono pembeni, hawezi kuishusha.

"Fundi, hii haiko koti, iko mulango!" akasema. "Ulisahau tu kitasa."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Abibu naye alicheka, maana angefanyaje? Lakini masikio yalimwaka moto.

Floribert hakuwa mtu mbaya. Alipotolewa kwenye lile koti, kwa msaada wa watu wawili, alieleza alichokitaka. Kwenye dirisha la mpiga picha mmoja wa mtaa wa Albert kulikuwa na picha ya mwaka wa 1926, kijana juu ya pikipiki, amevaa koti la ngozi lenye kola pana, mkanda kiunoni, na vifungo vilivyoshuka kwa mshazari kutoka shingoni.

"Tunataka ile ya zamani, ya mu foto," alisema Floribert. "Batu ba zamani balikuwa banajua kuvaa, vraiment. Mwezi wa saba naoa Constance. Batu sita, koti sita, pikipiki sita. Ukiweza, ni wewe. Ukishindwa, tutaenda kwa tayeri, mushona nguo wa kule mu ville."

Kijana wa kwenye picha alikuwa bado hai, tena alikuwa anakaa mitaa miwili tu kutoka hapo. Aliitwa Donat, Mluba wa kaskazini mwa Katanga, mjane, mtu wa misa ya alfajiri. Zamani alikuwa akimfuata Mzungu mmoja aliyepeleka barua kwenye kambi za njia ya Sakania. Yule Mzungu alianguka na pikipiki mara nyingi mno mpaka akaichukia, akamkabidhi Donat pikipiki, mkoba wa barua na koti lake la ngozi, naye akarudi kupanda treni kama binadamu. Donat aliendesha miaka mingi, naye akaanguka mara moja tu, lakini vizuri. Mfupa wa bega la kuume ulivunjika, ukaunga kwa namna ulivyopenda wenyewe. Tangu hapo bega lile lilishuka, na watoto wa mtaa, ambao hawana huruma popote duniani, walimwita Baba Mteremko. Alikuwa akiitika. Ungesema hajali.

Abibu, akitaka kuliona koti lile kwa karibu, alimwendea akajitolea kumshonea kwapani palipoachia, bila malipo.

"Baba Donat, nitaitengeneza muzuri."

"Usiiharibu, mutoto wa Alimasi," alisema Donat akimkabidhi. "Hii ngozi na mimi tulianguka pamoja."

Sasa, mtu asiyejua kazi ya viatu hawezi kuelewa kilichofuata. Mshona nguo huanza na kamba, akampima mtu kifua, mkono na mgongo. Mshona viatu hajifunzi hivyo. Hufumua kiatu cha zamani mpaka kiwe vipande, akafuatisha kila kipande kwa mkaa juu ya karatasi, akakata kipya hivyohivyo. Basi Abibu alifumua koti la Donat lote, akatandaza vipande sakafuni juu ya mifuko ya saruji iliyochanwa, akaanza kuchora. Sofia aliingia na chai, akaona mgongo huku, mikono kule, nusura aangushe birika.

"Baba Bahati! Umefungua koti ya mzee wa batu?"

"Nitarudisha."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema Sofia, akaweka chai juu ya kola.

Abibu aliona wazi kwamba kipande cha bega la kuume hakikulingana na cha kushoto. Kilikuwa kirefu zaidi na kimelegea, kimekwenda chini. Mshona nguo yeyote angeshtuka. Abibu hakushtuka hata kidogo. Maisha yake yote alikuwa ameshika viatu, na kiatu cha kulia si sawa na cha kushoto, ukivifanya sawa mtu hatembei. Aliona ni ufundi mkubwa wa wazee wa zamani, akaufuata kwa heshima zote, makoti sita mfululizo.

Safari hii ngozi aliilainisha kwa mafuta ya ng'ombe, akaipiga kwa nyundo ya mti mpaka ikakubali kukunjika. Koti la Donat aliliunganisha tena kama lilivyokuwa, na kwapa likiwa zima.

Jumamosi ya harusi, kabla jua halijapasha moto, pikipiki sita zilijipanga mbele ya karakana. Wale vijana walivaa, wakafunga mikanda, wakasimama kila mmoja kando ya pikipiki yake. Abibu alitoka kuwatazama. Kwanza aliona kola, na kola zilikuwa nzuri. Akaona vifungo vya mshazari, akataka kucheka kwa furaha. Kisha akaona mabega. Wote sita walikuwa wameshuka upande wa kuume, kama watu wanaosikiliza kitu kilichofukiwa ardhini.

Wakati huohuo Donat akatokea kwenye kona, anakuja kuchukua koti lake, bega lake chini kama siku zote.

Floribert alimtazama mwenzake wa kushoto, akamtazama wa kulia, akajitazama mwenyewe kwenye kioo cha pikipiki.

"Fundi," alisema taratibu, "hii bega ya kuume, juu ya nini inashuka?"

Hapo ndipo Abibu alipoelewa kwamba koti si kiatu. Jibu alilijua, ila mwenye jibu alikuwa amekwishafika, amesimama mbele ya watu wote. Kusema kweli ilikuwa kumwambia Donat usoni kwamba mwili wake ni kosa la mshono. Harusi ilikuwa baada ya saa chache, na akifumua makoti yale hata moja lisingekwisha kushonwa upya kwa wakati. Viraka lingebaki naye mpaka kaburini.

"Kosa iko yangu," alisema. "Nilikata mubaya. Muvue, nitafungua yote."

"Apana." Ilikuwa sauti ya Donat. Alikuwa ametazama mabega yale sita, moja baada ya jingine, na uso wake haukusomeka. "Huyu mutoto hakukosa. Alifuata koti. Na koti ilinifuata mimi."

Donat akaweka mkono kwenye bega lake.

"Hapa njo palikuwa panakaa mukoba ya barua. Ile njia ya Sakania ilikuwa matope tu, matope na simba. Siku ile nilianguka, tukutuku ikanilalia, lakini barua hata moya haikulowana."

Floribert alijitazama tena kwenye kioo. Akashusha bega kidogo zaidi, kujaribu. Akatabasamu.

"Mais voilà!" akasema. "Basi njo vile tunavaa. Na Baba Donat anapanda nyuma yangu mpaka kanisani."

Wakaenda, na Donat, amevaa koti lake la zamani, akiwa nyuma ya bwana harusi, mikono yake imeshika mkanda wa koti la Floribert. Constance alipowaona wanashuka mbele ya parokia, aliuliza kwa nini wote wanaangukia upande mmoja. Floribert akamjibu kwa Kifaransa kwamba ndio mtindo, "C'est le style, chérie." Bibi harusi akacheka mpaka shela ikamteleza, na mama yake akamfinya.

Baada ya hapo, jamani, mji uliharibika. Walikuja waendesha pikipiki wa Kenya na wa Albert. Akaja fundi mitambo Mzungu kutoka mjini, saa ya mapumziko, kuuliza lile koti la bega. Wakaja wenye baiskeli. Akaja mmoja ambaye hakuwa na hata baiskeli, akanunua koti, na tangu siku ile alikuwa anasimama barabarani akimsubiri rafiki mwenye pikipiki ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Vijana walijifunza kutembea wameinama kuume. Mwingine alisema, "Yangu ushushe zaidi." Abibu alishona makoti mawili yenye mabega sawa, akayatundika mlangoni, na hayakupata hata mtu wa kuyagusa. Watoto waliacha kabisa kusema Baba Mteremko, maana lingekuwa sifa.

Wala hakuna aliyesema Viraka tena. Ilikuwa fundi huku, fundi kule. Hata hivyo Sofia alimwona mumewe ameketi jioni, ngozi magotini, uso umekunjika.

"Jina umepata," alimwambia. "Sasa unanunia nini?"

"Ile koti haiko yangu, Mama Bahati. Iko ya Baba Donat. Mimi nafuatisha tu."

Sofia alikuwa na methali ya kumrudishia, lakini kwa mara ya kwanza aliimeza.

Siku moja mchana Donat aliingia karakana. Aliulizia watoto, akaulizia bei ya ngozi, akasifu nyundo. Mtu anayezunguka hivyo ana neno.

"Mutoto wa Alimasi," alisema mwisho, akitazama mlango, "unaweza kunishonea moya? Ya mabega sawa."

Abibu alidhani anatania. "Baba Donat! Muji muzima unatafuta bega yako."

"Nashukuru. Ni muzuri, inanifurahisha. Lakini bale vijana, mangaribi banavua koti, banakuwa tena sawa. Mi navua koti, na bega inabakia."

Abibu akaweka msharasi chini. Akamwomba mzee asimame, akachukua kamba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akampima binadamu.

Koti lililotundikwa mlangoni lisingefaa. Lingeporomoka juu ya bega lile na kulitangaza zaidi. Ili Donat aonekane sawa, ilibidi koti lenyewe likatwe pinda, lipande pale mwili unaposhuka, lijazwe pamba na blanketi ndani, mkono wa kuume uwe mrefu kidogo, na upande wa kushoto upunguzwe kidogo tu ili macho yasigundue. Hapakuwa na koti la zamani la kufumua. Alikata, akakosea, akakata tena, akamwita mzee, akambandika vipande kwa pini, akamwondoa, akaanza upya. Kola aliiacha pana, kwa sababu yeye mwenyewe aliipenda. Na siku zile zote aliimba, vibaya, mpaka majirani wakalalamika.

Siku ya kuvaa, Sofia alishika kioo. Donat alifunga vifungo bila haraka. Akajitazama, akageuka upande, akarudi mbele. Akainua mkono kuligusa bega la kuume, halafu akaushusha bila kuligusa.

"Eh," alisema. Basi.

Akatoka barabarani. Vijana watatu waliokuwa wameegemea pikipiki, makoti yao yameinama ipasavyo, wakamhurumia kwa sauti.

"Baba Donat, yako balikosea! Rudisha kwa fundi, bega haishuki!"

Donat aliwapungia mkono, akaendelea, mgongo umenyooka, mpaka akapotea kwenye kona. Sofia alikuwa bado hajaweka kioo mahali pake alipomwona mzee anarudi kutoka upande wa pili, anatembea katikati ya barabara, polepole, kifua mbele. Akapita mlango wa karakana. Akafika kwenye kona, akageuka, akaanza kuja tena.

"Baba Donat!" Sofia akamwita. "Uko unatafuta nini?"

"Apana, mama," alisema Donat bila kusimama. "Niko napita tu."