Beseni Letu Ghorofani Mbarara

Mdogo wangu Sifa aliacha kusema. Tangu mumewe alipouawa kwetu Fizi nasi tukavuka mpaka hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, maneno yake yalipungua hadi yakaisha. Watu wakimsalimia, nilijibu mimi dada yake mkubwa, yaya wake kama tusemavyo kwetu. Mwaka huu akaanza kukataa na chakula, nikaogopa kwamba nitamzika. Nesi wa kambini akaniambia Mbarara kuna mtu anayetibu kwa mazungumzo. Nilicheka kidogo, maana mimi huongea na Sifa kutwa nzima. Kama maneno ni dawa, mbona hajapona? Lakini nilitaka sana kujua mtu huyo ana maneno gani ambayo mimi sina.

Asubuhi tukaondoka Kashojwa, kijiji chetu mle kambini. Kwetu ukimpeleka mgonjwa hospitali unahama na nyumba, basi nikafunga beseni, mkeka, blanketi, chupa ya chai na sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo ya kutwangwa. Majirani walituombea mlangoni na kuuliza tutalazwa hadi lini. Nikasema Mungu ndiye anajua.

Njiani, kwenye vilima vya Isingiro, migomba haikuisha. Niliona ng'ombe wenye pembe ndefu mno nikajiuliza wanalalaje. Nikamwonyesha Sifa. Akatazama tu.

Tulipofika Mbarara, kazi ikawa kumpata huyo mtu. Duka la dawa lilitaka kutupa vidonge. Mlinzi wa hospitali aliona beseni, akatuonyesha wodi ya wazazi. Muuza vitenge mmoja ndiye aliyetuelewa.

"Ule mama ya kusikiliza watu? Iko juu hapa, panda ngazi."

Ghorofani kulikuwa na chumba chenye viti viwili na ua dirishani. Nilitafuta kitanda kwa macho, sikukiona. Mshauri mwenyewe alikuwa Mnyankore wa makamo, mpole. Alituambia Kiswahili chake alikiokota kambi ya jeshi, baba yake alikokuwa askari. Akalitazama beseni letu, akauliza ni la nini. Nikasema la kulazwa. Akatabasamu, akaeleza kwamba hapa watu huongea kidogo, kisha wanarudi nyumbani, na wiki nyingine wanakuja tena.

Akamuuliza Sifa jina lake. Nikalitaja. Akamuuliza kama analala usiku. Nikaeleza vizuri, kwa kirefu.

"Mama, wewe ngoja inje," akaniambia. "Mimi nataka kusikia yeye."

"Huyu hasemagi. Na kwetu mugonjwa hatumuachake peke yake."

"Kama nanyamaza, mimi pia tanyamaza na yeye. Hakuna shida."

Kisha akamuuliza Sifa kama anataka nibaki. Sifa akatikisa kichwa: hapana. Iliniuma, sitaficha. Mimi niliyembeba mikononi wakati wa kukimbia.

Nikatandika mkeka kwenye ujia, karibu kabisa na mlango, nikategesha sikio. Kimya. Nikanywa chai. Kimya bado, nikaanza kuhesabu safari hii kuwa ya bure. Halafu nikasikia sauti ya mwanamke, nzito, inakwaruza, nikajiuliza ni mgonjwa gani mwingine aliyeingia na kupitia wapi. Ilikuwa ya Sifa. Nilikuwa nimeisahau.

Nilitamani kusikia kila neno. Nikainuka, nikauvuta mkeka hadi mwisho wa ujia, mbali na mlango, nikalia huko.

Jioni tukarudi Kashojwa na beseni letu kavu. Njiani sikumuuliza kitu, na kwangu hiyo ni kazi ngumu kuliko kulima. Jirani yetu Mama Neema akatupokea mlangoni, akashangaa tumerudi mapema.

"Sifa, habari ya kule?" akauliza, huku akinitazama mimi kama kawaida.

Jibu lilishafika mdomoni mwangu. Nikalimeza, nikaanza kufungua mzigo polepole. Mama Neema akangoja, hajui angoje nini. Sasa nilijua yule mshauri ana nini nisichokuwa nacho, na hayakuwa maneno.

"Nimechoka," Sifa akasema. "Yaya, ile sombe ilibakia?"