Bahari ya Mdogo Wangu

Mama alishuka uwanja wa ndege wa Dulles, huku Marekani, akitokea Uingereza kwa mdogo wangu, na kabla hatujafika kwenye gari nilikuwa nimeshasikia habari za mji mmoja wa huko. Ni mji wa pwani wa kizamani, wenye gati refu la mbao, vibanda vya rangi rangi na ufukwe wa kokoto tupu. Yeye na familia ya mdogo wangu walikula huko samaki na chipsi kwenye karatasi, zimemwagiwa siki. Shakwe akashuka akampokonya mama kipande mkononi, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu, kale kandege! Hakana adabu hata kidogo!"

Kufikia mwisho wa wiki hadithi hiyo nilikuwa nimeisikia mara nne. Niseme ukweli, nilimwonea mdogo wangu wivu, tena wivu wa kitoto. Mimi ndiye mkubwa. Mimi ndiye niliyehangaikia viza ya mama ya kuja huku. Nilichukua likizo kazini, ambako nahudumia wazee majumbani mwao, nikampa mama chumba changu, mimi nikalala sebuleni. Nilitaka akae nami miezi yote sita aliyopewa. Hakushika ufagio wala sufuria. Akinyanyuka kufuata chai, mimi nimeshafika jikoni.

Naye anakaa dirishani, anaangalia miti ya hapa Greenbelt ninapoishi, kisha anasema, "Kule kwa mwenzio upepo ulikuwa mkali, lakini mtamu."

Basi nikaona isiwe tabu, bahari hata sisi tunayo. Jumamosi nikampeleka kwenye Ghuba ya Chesapeake, mwendo wa saa moja hivi. Mchanga laini, si yale mawe yao. Nilibeba kiti cha kukunja, mwavuli, blanketi, na matunda niliyoyakata vipande vidogo vidogo. Alipotaka kuinama aguse maji nikamdaka kiwiko.

"Mama, careful! Usibend hivyo, mgongo utauma. Wait, nakusaidia."

Akanipa na mkono wa pili, kama wanavyonipa wazee wangu wa kazini. Na huyu ni mama wa Njombe, aliyelima viazi mpaka mwaka jana.

Nikashindwa kujizuia. "Sasa mama, kati ya hapa na kule, wapi pazuri?" Lilikuwa swali la aibu kwa mtu wa umri wangu, nikaliuliza hivyo hivyo.

"Hapa," akasema. "Maji yametulia, mchanga msafi."

Roho yangu ikasuuzika. Nikaanza kutafuta simu nimpige picha, nimtumie mdogo wangu aone.

"Lakini mwezi ujao nirudishe kwa mwenzio."

"Kwa nini, mama? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Mgeni siku mbili, mwanangu, na mimi hapa jembe sijaliona." Akapangusa mchanga kwenye khanga yake. "Kule walipotaka kuingia majini, mdogo wako na wanawe, waliniachia viatu vyao na simu zao. Wakasema, mama, chunga. Nikakaa pale kwenye mawe nikachunga mpaka wakarudi. Wewe hapa unanichunga mimi."

Tiketi niliikata wiki iliyofuata, na mpaka leo kinachoniuma ni kwamba mdogo wangu hakuhangaika hata kidogo. Alivua viatu tu, akaingia majini.