Mafundi Watano na Ruta Moja

Kabla sijaolewa, mashangazi zangu walinikalisha chini wakanifunda kila kitu kuhusu kuishi na wakwe. Amka mapema, salimia kwanza, usijibu ukiwa na hasira. Hakuna aliyeniambia kwamba nyumba niendayo ina ruta ya intaneti, na kwamba ruta hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe ni baba mkwe wangu. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mkewe pia humwita Fundi akiwa na furaha naye. Akiwa amemkasirikia hamwiti kitu.

Zamani alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Ilifika mahali redio yoyote ikinyamaza mtaani, yeye alijua sababu kabla mwenye redio hajafika kwake. Kisha watu wakaanza kusikiliza redio kwenye simu, na simu ikifa hununuliwa nyingine, basi kibanda kikafungwa. Hakufilisika wala hakufukuzwa na mtu. Alikosa tu kitu cha kufungua, na mtu aliyezoea kufungua vitu, ukimrudisha nyumbani, atafungua vya nyumbani. Alifungua pasi. Alifungua birika la umeme lililokuwa halina neno. Alifungua laptopu ya mume wangu ili aipanguse vumbi, akaifunga tena vizuri kabisa, na skrubu moja ikabaki mezani. Mume wangu alipomwonyesha, baba yake aliitazama akasema waliotengeneza walizidisha.

Intaneti ilipoingia nyumbani, Fundi alipata uhai mpya. Sanduku lile dogo lenye taa lilipachikwa ukutani kwenye ujia, juu ya soketi, na kuanzia siku hiyo likawa mgonjwa wake. Tiba yake ni moja, ile ile aliyowahi kuzipa redio zote za mtaa. "Chombo ni kama mtu," husema. "Kikigoma usikigombeze. Kipumzishe." Chomoa plagi, hesabu polepole hadi thelathini, rudisha. Na haki ya Mungu, mara nyingi ilikubali. Ikikubali, Fundi husimama pale ujiani, mikono nyuma, akisubiri mtu apite amwambie asante.

Kwa kuwa hakuweza kuwa nyumbani saa zote, alitufundisha sote. Alimfundisha mkewe, akamfundisha mwanawe, na wiki yangu ya kwanza pale akanifundisha na mimi, kwa upole, kama mtu anayemkabidhi mkwe funguo za stoo. Hata Bibi, mama yake mzazi, alifuzu. Bibi huniita mke mwenzangu, kwa sababu mume wangu ni mjukuu wake na kwa hesabu zake yeye ndiye aliyeanza kuolewa naye. Mgongo wake haukubali kuinama, kwa hiyo yeye hachomoi plagi. Huibonyeza swichi kwa ncha ya fimbo, akapumzika kidogo ukutani, akaibonyeza tena. Ana shabaha kuliko sisi sote.

Basi nyumba ikawa na mafundi watano, na intaneti ikazidi kuwa mbovu.

Fundi hakukata tamaa. Aliitoa ruta ukutani akaiweka juu ya kabati, akaishusha dirishani, akaining'iniza kwa kamba kwenye msumari. Wiki moja nzima ilikaa juu ya sufuria iliyopinduliwa, na sisi tukawa tunapikia moja iliyobaki. Mwisho mume wangu alichoka, akaongeza kifurushi kiwe cha kasi zaidi na akaleta ruta mpya, kubwa, yenye masikio manne. Ikarudishwa ukutani kwa heshima. Hii mpya ilikuwa ya kisasa kweli, ila ikizimwa huchukua muda kuamka. Taa yake huwa ya njano, hufikiri, hufikiri tena, ndipo huwa ya kijani. Na mambo yakaharibika kuliko yalivyokuwa.

Tungeweza kuishi hivyo, tukinung'unika, kama si mtihani wa mama mkwe.

Mama mkwe ni mlezi katika shule ya chekechea. Amewafundisha kuvaa viatu watoto ambao leo wana ndevu. Lakini hana cheti, na mwaka huo likaja agizo jipya kwamba asiye na cheti ataondoka. Akasoma, mama wa watu, na miwani yake, akifanya kazi za darasani kwenye meza ya kulia chakula. Maandishi alifaulu. Ikabaki sehemu ya kuulizwa maswali ana kwa ana, kwa video, Alhamisi asubuhi. Waliambiwa wazi: ukikatika ukashindwa kurudi, utasubiri mwaka ujao. Na shule isingemsubiri mwaka ujao. Kulikuwa na binti mwenye cheti kipya aliyekwisha kuja kutazama darasa.

Jumamosi kabla ya mtihani walifanya mazoezi na wenzake. Akakatika. Akarudi, akakatika tena katikati ya jina lake mwenyewe. Mara ya mwisho alipofanikiwa kuingia, wenzake walikuwa wanaagana. Mwanamke huyu anaweza kuingia chumba chenye watoto arobaini wanaolia akawanyamazisha kwa kukohoa tu, lakini siku ile alifunga laptopu akalia yeye. Roho iliniuma kwelikweli.

"Alhamisi nitaenda kufanyia kwa dada yangu," akasema alipojifuta machozi.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. "Mke wa Fundi akafanye mtihani kwa watu?"

"Mke wa Fundi anataka kazi yake."

"Nipe mpaka Jumatano," Fundi akasema. "Isipopona, nitakubebea laptopu mwenyewe mpaka kwa shemeji."

Jumapili nilikuwa nimejilaza sebuleni, shavu limevimba kwa jino, mlango wa ujiani uko wazi. Nisingekuwa na jino hilo nisingeyaona niliyoyaona. Alianza mume wangu. Alitoka chumbani akisonya, akachomoa plagi, akahesabu kwa midomo, akairudisha, akaenda kuoga. Ruta ikawasha taa ya njano, ikaanza kufikiri. Kabla haijamaliza, mama mkwe akatoka na simu mkononi. "Imegoma tena hii," akajiambia, akachomoa, akahesabu, akarudisha, akaenda zake jikoni. Taa ya njano. Mara nikasikia fimbo, ko, ko, ko. Bibi alikuwa anaongea na dada yake kwa video na sura ya dada yake imepotea. Akalenga, akabonyeza, akaegemea ukuta, akabonyeza, akarudi. Taa ya njano. Ndipo akaingia Fundi kutoka nje, akaiona taa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa amechelewa. "Pole mama," akaiambia ruta, akachomoa.

Hakuna aliyemwona mwenzake. Kila mmoja aliikuta imegoma, akaitibu, akaondoka akiwa na hakika ameiponya. Nililala pale nikajaribu kucheka, jino likanikataza. Kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeizima mara mbili kabla ya chai, na hamu ya kucheka ikaniisha.

Sasa nikawa na kazi nyingine. Mkwe utamwambiaje baba mkwe, mbele ya mkewe, kwamba kinachomuua mgonjwa ni dawa yake? Hata mashangazi zangu hawakunifunda hilo. Nikaenda chumbani kwa mtu pekee mwenye ruhusa ya kumwambia Fundi chochote.

Bibi alinisikiliza hadi mwisho. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mke mwenzangu," akasema, "niachie mimi. Huyo nilimfundisha hata kujamba kwa adabu."

Usiku mezani akasubiri wote washibe. "Mwanangu," akamwambia Fundi, "hiyo ruta yako haina ugonjwa. Ugonjwa ni sisi."

"Kivipi, mama?"

"Akitoka huyu anazima, akitoka yule anazima. Mimi nazima. Hata huyu mke mwenzangu na jino lake anazima. Na wote umetufundisha wewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Mume wangu akasema yeye huzima mara moja tu kwa siku. Mama mkwe akamtazama. Akajirekebisha: basi labda mara nne. Mama mkwe naye akakiri kwamba hata siku ile ya mazoezi, kila alipoona picha imeganda, yeye mwenyewe ndiye aliyekimbilia ujiani. Na Fundi, aliyekuwa uani akiiangalia intaneti kwenye simu yake, alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma kumsaidia.

"Kwa hiyo haikuwa mbovu," Fundi akasema taratibu.

"Haikuwa mbovu," akasema mama yake.

Nilidhani atafurahi. Hakufurahi hata kidogo. Aliweka kijiko chini, akanawa, akaenda kukaa uani peke yake. Nilimwonea huruma nikajuta kwamba jino halikuniuma siku nyingine. Redio zilimkimbia, sasa hata hii moja iliyokuwa inamhitaji, kumbe haikumhitaji.

Jumatatu hadi Jumatano hakuna aliyeigusa. Ilikuwa mateso. Mtu unaona video inazunguka, mkono unawasha. Mume wangu alianza kupita ujiani mikono imo mifukoni. Lakini taa ilibaki ya kijani, na hata ikiyumba hurudi yenyewe. Jumatano jioni mama mkwe alisema hatakwenda kwa dada yake. Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu anayepanda ngazi aliyoitengeneza mumewe.

Alhamisi asubuhi akajifungia chumbani, amevaa gauni lake la sherehe na chini yake kandambili. Fundi akavuta kiti akakiweka ujiani chini ya ruta, akaketi, mikono ameikalia. Bibi akaja na kiti chake akaketi mbele yake. Mimi na mume wangu tukasimama ukutani. Kupitia mlango tulisikia sauti ya mama mkwe, kwanza ikitetemeka, kisha ikapata joto. Alikuwa anaeleza namna ya kumpokea mtoto siku ya kwanza, mama yake anapogeuka kuondoka. Alisema vizuri sana. Nilikuwa nimeishi naye sijawahi kumsikia akieleza kazi yake.

Kisha sauti ikakatika. Tukasikia, "Haloo? Mnanisikia? Haloo?"

Nikatazama juu. Taa ilikuwa ya njano.

Sitasahau uso wa baba mkwe wangu. Mkono wa kulia ulichomoka wenyewe chini ya paja ukapanda hadi kwenye plagi, vidole vikaishika. Jasho lilikuwa linamtoka. Ndani mkewe aliita, na hakuita Mungu wala watahini wake. "Fundi," aliita, kwa sauti ndogo. "Fundi, imekatika."

Bibi alimtazama tu mwanawe.

Fundi aliachia plagi. Kidole kimoja baada ya kingine. Akaurudisha mkono chini ya paja, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Sijui alifika ngapi. Kwangu mimi ulikuwa mwaka. Mume wangu alikuwa amenibana mkono mpaka ukafa ganzi.

Ndani ya chumba sauti ya mwanaume mgeni ikasema, "Samahani mama, tulikupoteza kidogo. Ulikuwa unasema mtoto analia."

"Ndiyo," akasema mama mkwe. "Analia. Sasa hapo ndipo usiharakishe."

Alipotoka, gauni limelowa mgongoni, hakuja kwetu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

"Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Nilikuita."

"Nilikusikia."

Alimtazama sana. Alikuwa ameishi na mwanaume huyu tangu ujana na hakuwahi kumwona akiacha kitu bila kukigusa. Akamshika bega. Yeye ndiye aliyetoka mtihanini, lakini yeye ndiye aliyesema, "Pole, Fundi." Na baba mkwe akalia mbele yetu sote, hata mbele yangu mimi mkwe, nikageuka nikajifanya natafuta ndoo.

Alifaulu. Cheti kilipokuja alikipeleka shuleni mwenyewe, na huko, kwa furaha, akamsifia mumewe kwa mwalimu mkuu: kwamba ana mume fundi wa intaneti, mpole, asiye na papara. Mwalimu mkuu akashika kichwa. Intaneti ya shule ilikuwa imewashinda mafundi wa kila namna. Tafadhali mama, mlete.

Fundi alikataa. Alisema yeye si fundi wa kitu chochote. Mkewe akampigia pasi shati, kwa ile pasi aliyowahi kuifungua, akamwambia wanamsubiri.

Mimi nilikwenda nao, nikabeba mkoba wa vifaa ambao hakutaka kuubeba. Ofisini walimu walikuwa wamejipanga kumtazama anavyofanya kazi. Ruta ilikuwa juu ya kabati, taa ya njano. Fundi aliitazama kwa muda, mikono nyuma. Hakuigusa. Akageuka kwa walimu, na kwa sauti ya mtu anayeuliza kuhusu msiba, akasema, "Samahani. Hii hapa, nani huizima?"

Walimu wakatazamana. Kisha mwalimu mkuu akanyanyua mkono wake taratibu, na nyuma yake, mmoja mmoja, ikanyanyuka mingine yote.