Nyongeza Niliyoipata kwa Kuwaficha Watoto

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka mpaka leo. Hasira juu yangu mwenyewe kwanza, kisha juu ya waliotunga ule mpango.

Nilikuwa mwalimu kijana huku Ruangwa, nafundisha darasa la nne. Darasa la kwanza lilikuwa la Mwalimu Issa, aliyeshika chaki tangu mimi sijaingia jandoni. Watoto walimfikia wakijua Kimwera tu. Walipotoka kwake walisoma na kuandika Kiswahili. Zamani nyongeza ya mshahara ilifuata miaka ya kazi. Mwaka ule tukaambiwa mkaguzi atatoka Nachingwea, atauliza maswali, na mwalimu ambaye darasa lake litajibu vizuri kuliko yote ndiye atakayeongezwa. Mmoja tu, kama mbio za magunia!

Tamaa mbele, mauti nyuma. Asubuhi ya ukaguzi niliwatoa darasani watoto sita wazito wa kuelewa, nikawatuma shamba la shule wakaamie ndege wasile mtama. Waliobaki wakajibu bila kusita. Mkaguzi akanipa mkono, nyongeza ikawa yangu. Mwalimu Issa hakumficha hata mmoja. Wadogo wake wakababaika mbele ya mgeni, naye akaambulia patupu.

Wiki iliyofuata Somoe, mmoja wa wale sita, hakuonekana shuleni. Nilimkuta kwao Likunja anapepeta ufuta. Mama yake akaniambia, "Anasema mwalimu kamwona wa ndege, siyo wa kitabu. Basi mwache alime."

Nikamwendea Mwalimu Issa kutubu. Mzee yule mpole alifoka.

"Usione vyaelea, vimeundwa! Hao waliokujibia nani aliwafundisha kusoma? Nyongeza kula, siililii. Lakini Somoe nilimshika mkono miezi mitatu ajue kuandika jina lake, wewe kijana umemtupa asubuhi moja!"

Nilirudi Likunja mara tatu. Somoe hakurudi shule.

Mwanangu, najua miaka pekee haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wapo waliozeekea kazini wakisinzia. Lakini anayemlipa mwalimu kwa majibu ya watoto hodari anamfundisha kuwachukia wazito, na mimi nilifundishika upesi. Ukija kushika chaki, siku ya mkaguzi wakalishe wazito mbele. Mungu akujaalie moyo wa Mwalimu Issa, na akuepushe na nyongeza kama yangu.