Sala Ambayo Katibu Hakuweza Kuijibu

Katika tawi letu la chama, hapa Moshono, tumekaa watu wa aina mbili kwa miaka mingi bila kugombana sana. Kuna sisi wa makanisani na msikitini, tusiotaka mambo ya wazee yavurugwe kwa kuwa tunaamini Mungu ndiye aliyeyaagiza. Na kuna wenzetu wasiokanyaga nyumba ya ibada ila kwenye harusi na msiba. Nao hawataki yavurugwe mambo yale yale, kwa sababu, wanasema, yamejaribiwa yakafaa. Ndoa iheshimiwe, mtoto amwamkie mkubwa, mtu asiuze shamba la ukoo kabla ya kuwauliza nduguze: hapo hatupishani. Tunapishana tukiulizwa kwa nini.

Kiongozi wa hao wenzetu ni katibu wa tawi. Tulichunga mbuzi pamoja mlimani Meru tukiwa wadogo, tukasoma darasa moja. Kisha mimi nikaenda chuo cha Biblia, yeye akaenda kuwa karani wa mahakama. Mpaka leo watu humwita Karani, nami huitwa Mwinjilisti ingawa nimestaafu. Hana imani, wala hafichi. Aliwahi kuniambia kwamba na Mungu wangu hana ugomvi, ila urefu wa ibada zake ndio unaomshinda. Hata hivyo, kila nilipofungua au kufunga kikao kwa sala, alisimama na kuvua kofia kama wengine.

Sasa ilitokea baa ikafunguliwa hatua chache kutoka ukuta wa shule ya msingi. Muziki ulianza asubuhi, walimu wakawa wanafundisha kwa kupaza sauti. Mjukuu wangu, aliyekuwa darasa la tatu, alirudi nyumbani siku moja akiimba maneno ambayo sikutaka kumuuliza ameyatoa wapi. Tawi zima lilikubaliana kwamba tuandike barua halmashauri, na Karani aandike, maana barua zake hazikuwahi kurudishwa.

Ugomvi ulianzia kwenye aya ya kwanza. Nilitaka barua ianze na maneno ya Mithali juu ya kileo. Karani alikataa. Alisema halmashauri inafuata sheria ndogo, wala si Mithali, na kwamba tukianza na dhambi watatuambia twende kwa mchungaji. Mama mmoja Mwislamu, mwenye duka ambalo babu yake alilifungua alipofika kutoka Bara Hindi, aliuliza kwa upole: kama Biblia inaingia, basi na Kurani iingie, na je, karatasi itatosha? Watu wakacheka. Kura zikapigwa, barua ya Karani ikapita bila Mithali.

Niliumia. Ningeweza kusema nimeumia, lakini sikusema. Nilipoombwa kufunga kikao, nilifumba macho nikasema, "Bwana, tunao mezani petu wanaolionea haya Neno lako. Ivunje mioyo yao migumu, na hasa uwakumbuke wanaoshika kalamu."

Mwenye kalamu alikuwa mmoja tu.

Nilipofumbua macho, Karani alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Aliivaa taratibu. Akaweka mezani barua ambayo hajaitia sahihi, na muhuri wa tawi juu yake.

"Mwinjilisti," alisema, "ungenisema kwenye mjadala ningekujibu. Umenisemea kwa mtu ambaye siwezi kumkatiza."

Akatoka. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

Halmashauri ilikuwa imetupa siku ya kusikilizwa, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Barua bila sahihi ya katibu isingepokelewa. Siku tatu zikapita, Karani haonekani. Ndugu wawili wa kanisani kwangu walikuja kunipongeza, wakasema sasa chama kimesafishwa, wamebaki watu wa Mungu. Niliwaandalia chai, lakini sikuweza kuinywa nao. Kichwani nilimwona mjukuu wangu akipita katikati ya meza za baa na begi lake, na nikamwona rafiki yangu wa miaka sitini akinipita barabarani bila kunisalimu, yote kwa sababu ya sentensi moja niliyoivika joho la sala.

Nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua mboga, wala hakuinua uso.

"Hata mimi umeshaniombea hivyo, Baba," alisema. "Ile sala ya chumvi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimemwomba Mungu mezani, mbele ya wageni, atujalie kiasi katika mambo yote.

Nikamwambia nitamchukua mchungaji twende naye kwa Karani. Alisema nikienda na mchungaji nitakuwa nimempelekea mtu wa pili wa kumwombea. Akatoka nje, akarudi na jani la isale kutoka kwenye ua wetu, akaliweka mezani mbele yangu.

Sisi Wameru, kama jirani zetu Wachaga, tunapanda isale kuwa mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Lakini wazee walikuwa na kazi nyingine nayo: aliyekosa humpelekea jani lake aliyekosewa, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Katika miaka yangu yote ya kufundisha kipaimara niliwaambia vijana kwamba mambo hayo yamepita, tunaye Mpatanishi. Sasa jani lilikuwa mezani kwangu.

Nililitia ndani ya kitabu cha nyimbo nikatoka. Nilipofika kwenye mfereji niliona aibu ya kuficha ni kubwa kuliko aibu ya kuonekana, nikalitoa nikalishika mkononi. Akina mama wawili wa jumuiya yetu waliniona. Walinipa shikamoo ya polepole sana, macho yao yakiwa kwenye jani.

Karani alikuwa nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe majani. Nilimnyooshea isale. Aliliangalia jani, panga bado mkononi.

"Unajua hili siwezi kulikataa."

"Najua."

"Sala siwezi kuijibu, na jani siwezi kulikataa." Alifuta panga kwenye gunia. "Lini utaniletea kitu ninachoweza kukikatalia, Mwinjilisti?"

Nilikuwa nimekuja kwa unyenyekevu, kumbe nimekuja tena na fimbo, safari hii ya mababu zake. Niliweka jani juu ya ukuta wa zizi, mbali naye.

"Basi nasema bila jani," nikamwambia. "Nilishindwa kura nikakasirika, nikalitumia jina la Mungu kukupiga mbele ya watu. Naomba unisamehe. Unaweza kukataa."

Akaendelea kukata. Nilisimama pale, nikasikia panga na ng'ombe anayetafuna, na nikaamini kwamba atakataa. Nilianza kufikiri jinsi ya kuwaambia wenzangu kwamba hakuna barua. Kisha akauinua mzigo wa majani upande mmoja.

"Shika huko," alisema.

Tukaubeba tukauingiza zizini, wazee wawili tunaohema. Ndipo akaniambia atarudi kitini. Nilidhani atataka sala ziondolewe vikaoni, nami nilikuwa tayari kukubali. Hakutaka. Alisema watu wa tawi letu hawanyamazi kwa kengele wala kwa mwenyekiti, wananyamaza kwa sala tu, na bila hiyo kikao hakitaanza. Ila ndani ya sala asiwekwe mtu. Nilipoaga alinirudishia isale.

"Mpelekee shemeji. Mwambie nimejua ni wazo lake."

Alhamisi tulikwenda halmashauri sote, na yule mama wa duka pia. Karani aliisoma barua yake kavu, yenye vifungu na umbali wa kutoka ukutani, na mimi nikashukuru kwamba Mithali haimo. Baa ilizuiwa kupiga muziki saa za shule, na baada ya muda mwenyewe akaihamishia upande wa barabara kuu. Siku hizi mjukuu wangu akirudi anaimba jedwali la kuzidisha, tena kwa makosa.

Kikao kilichofuata niliombwa nifungue. Nilisimama, Karani akavua kofia, nikaona vidole vyake vimeibana kidogo.

"Bwana, tupe akili na subira," nilisema. "Amina."

Mama wa duka alitazama saa ya ukutani. Karani alibaki na kofia mkononi, akinisubiri, kisha akaelewa kwamba nimemaliza.

"Mwinjilisti," akauliza, "unaumwa?"

Kikao kizima kikacheka, nami nikakaa. Na walipokuwa wakisoma muhtasari wa kikao kilichopita, niliendelea kumshukuru Mungu kimoyomoyo, kwa urefu wote niliotaka.